Shajara ya mradi: paa la mteremko mdogo kwenye nyumba ya kupanga ya yuniti 6, Kigamboni

Jengo halina ghorofa. Ni yuniti 6 zilizoshikana kwa safu moja, kama kilomita 3 kutoka baharini, urefu mita 21.15 na kina mita 9 kutoka mbele hadi nyuma. Kuta ni tofali za nchi 6 na zimeshafika rinta. Mwenye nyumba anataka sura ya kisasa, yaani paa lisionekane ukiwa barabarani. Tumeanza Januari, na bati linatakiwa liwe juu kabla ya mvua za masika.

Wiki ya 1. Mteremko kwanza, bati baadaye

Mchoro tuliokabidhiwa una mteremko wa digrii 3 kwenda nyuma, parapeti (ukuta mfupi unaopanda juu ya bati na kulificha) pande zote nne, na gata ya ndani, ule mfereji unaojengwa kati ya mwisho wa bati na parapeti ya nyuma. Tumekataa digrii 3 na tumekataa gata ya ndani. Sababu tunaziandika kwa kirefu kwa sababu mambo haya mawili ndiyo yanayoamua bati gani linafaa, na wengi huyaacha hadi bati limeshalipiwa.

Gata ya ndani inahitaji mtu wa kuizoa majani kila mwezi, na kila wiki wakati wa masika. Kwenye nyumba ya kupanga mtu huyo hayupo. Mpangaji hapandi juu ya paa na hapaswi kupanda. Mwenye nyumba anakaa kwingine. Kiwanja hiki kina miembe miwili upande wa nyuma. Majani kumi ya mwembe yakilala kwenye mdomo wa bomba yanatosha kuuziba. Maji yakijaa kwenye gata ya ndani hayana pa kwenda isipokuwa kupita juu ya ncha ya bati na kuingia ndani, juu ya dari, kisha kitandani kwa mtu. Gata ikiwa nje ya ukuta, ikijaa inamwaga chini uani. Hitilafu ni ile ile, ila hasara ya huku ni tope na ya kule ni godoro, nyaya za umeme na dari ya jipsamu.

Kwa hiyo parapeti ya nyuma imefutwa. Bati litapita juu ya ukuta wa nyuma kwa sentimita 60 na kumwaga kwenye gata ya nje. Mbele na ubavuni parapeti inabaki, na sura aliyoitaka mwenye nyumba haijaguswa, maana nyuma kuna ukuta wa jirani tu.

Sasa mteremko. Digrii 3 ni milimita 52 kwa kila mita. Hesabu hiyo ni ya karatasini. Papi moja, yaani mbao ya mlalo inayobeba bati, ikikaa milimita 20 juu ya mahali pake, jambo la kawaida kabisa mbao ikiwa imepinda, mteremko wa sehemu hiyo unabaki milimita 32 kwa mita, chini ya digrii 2. Hapo maji yanatembea polepole, vumbi linatua, na kwenye maungio maji yananyonywa kupanda kwenye mwanya mwembamba kati ya bati na bati. Digrii 6 ni milimita 105 kwa mita. Kosa lile lile linaacha milimita 85, na maji bado yanakimbia.

Paa lina mita 9.45 za mlalo kutoka parapeti ya mbele hadi gata. Kwa digrii 3 upande wa mbele unapanda sentimita 49.5 juu ya nyuma. Kwa digrii 6 unapanda sentimita 99. Tofauti ni nusu mita, na kozi moja ya tofali pamoja na udongo wake ni sentimita 25, kwa hiyo ni kozi mbili mbele, zikipungua kuelekea nyuma. Matofali: mbele 45 kwa kozi, yaani 90, kuta saba za kwenda nyuma, wastani wa kozi moja kila ukuta, 19 kwa ukuta, yaani 133. Jumla 223, tumeagiza 235 kwa ajili ya kuvunjika. Saruji mifuko 5. Hiyo ndiyo gharama yote ya kutoka digrii 3 hadi 6, na hakuna pesa itakayotumika vizuri zaidi kwenye jengo hili.

Parapeti za ubavuni zitashuka kwa ngazi kufuata mteremko. Zikiachwa sawasawa hadi nyuma, kule mwisho zitasimama mita 1.3 juu ya bati, tofali za nchi 6 peke yake, bila kushikwa na kitu. Ukuta wa namna hiyo hutaka nguzo fupi kila mita 3 na bado hupasuka plasta.

Wiki ya 2. Kuchagua

Yaliyokuwa mezani ni manne.

Slabu ya zege yenye utando wa lami. Slabu ya sentimita 15 ina uzito wa karibu kilo 375 kwa mita ya mraba. Kwa mita za mraba 198 ni zaidi ya tani 74 juu ya kuta zisizo na nguzo na msingi uliochimbwa kwa ajili ya bati. Imetoka. Kama jengo lingepangwa kupanda ghorofa baadaye, nguzo na msingi vingekuwa tofauti tangu mwanzo na hesabu nayo ingekuwa nyingine.

Bati la migongo midogo. Bonde lake ni fupi, na tunapolilaza chini ya digrii 10 maji ya mvua kubwa yanafika kwenye kimo cha mlalio wa pembeni, pale bati moja linapolalia jingine. Digrii 10 hapa ni kupanda mita 1.67, karibu kozi tatu zaidi ya tulizopanga. Mbele ingekuwa ukuta mrefu usio na maana. Limetoka.

Bati la klipu, lile lisilotobolewa, mgongo wake unafungwa juu ya klipu iliyofichwa. Kwa mteremko wa digrii 2 au 3 ndilo la kuaminika kuliko yote ya chuma. Kasoro yake kwa nyumba hii ni ukarabati: bati moja likiharibika katikati, unafungua kuanzia ukingoni kulifikia, na mafundi wanaojua kulifunga tena bila kupinda mgongo ni wachache. Kwa kuwa tumeshapata digrii 6, hatulihitaji.

Bati la migongo mipana, bonde la bapa na mgongo wa pembe. Tuliloliona ghalani lina kimo cha mgongo milimita 27. Tunalikubali kuanzia digrii 5, kwa masharti mawili: liwe kipande kimoja kutoka juu hadi chini, na mlalio wa pembeni utiwe utepe wa butili, mpira unaonata. Kuunga bati katikati ya mteremko wa namna hii ndiko kunakoleta matone yasiyopatikana chanzo chake. Limechaguliwa.

Kuhusu chuma chenyewe: tumechukua aluzinki, ambayo mpako wake kwa uzito ni asilimia 55 aluminiamu, 43.4 zinki na 1.6 silikoni, gramu 150 kwa mita ya mraba ukijumlisha pande zote mbili. Juu yake rangi nyeupe ya maziwa. Nyeupe si urembo. Paa hili liko karibu na dari, hakuna nafasi kubwa ya hewa kama kwenye paa la kenchi ndefu, na chumba chini ya bati jeusi mchana wa Februari hakikaliki. Kama kiwanja kingekuwa mita mia mbili au tatu kutoka ufukweni tungekwenda kwenye bati la aluminiamu tupu lenye unene wa milimita 0.7, na skrubu zisizoshika kutu.

Geji: 26. Geji 30 ni karibu milimita 0.3, 28 karibu 0.38, 26 karibu 0.46. Kwenye mteremko mkali watu hawatembei juu ya bati, kwa hiyo geji 30 huweza kudumu. Kwenye mteremko mdogo kila mtu hutembea: fundi wa dishi, fundi wa umeme, mtoto anayefuata mpira. Geji 30 ikikanyagwa bondeni inabonyea na kuacha kidimbwi.

Wiki ya 3. Mzigo wa kwanza umerudishwa

Oda: mabati 24, kila moja mita 9.5, upana unaofunika milimita 890. Nafasi kati ya parapeti za ubavu ni mita 20.85, ukigawa unapata 23.4, kwa hiyo 24, na la mwisho litakatwa kwa urefu.

Mzigo umefika ukiwa na lebo ya geji 26. Mikromita ikasoma 0.46 kwenye kila bati tulilopima. Ungedhani ni sawa, lakini kipimo hicho kimechukuliwa juu ya rangi. Mpako wa gramu 150 una unene wa karibu milimita 0.04 kwa pande mbili, na rangi juu na chini karibu 0.03. Ukitoa 0.07, chuma kilichobaki ni 0.39, na hiyo ni geji 28. Tumeukataa mzigo wote. Oda mpya imeandikwa wazi: chuma tupu kabla ya mpako na rangi kisipungue milimita 0.45. Anayeagiza bati la rangi aandike hivyo hivyo kwenye karatasi ya oda, kwa sababu neno "geji" peke yake halimfungi muuzaji.

Mzigo wa pili: 0.53 juu ya rangi. Umepokelewa. Bati moja lina karibu kilo 37 na linapepea kama upinde likishikwa ncha mbili; linabebwa na watu wanne, wawili ndani kidogo ya ncha na wawili katikati. Yamelazwa juu ya vipande vya mbao, upande mmoja juu kuliko mwingine, yakafunikwa turubai lisilogusa bati. Mabati yaliyobanana yakinyeshewa, maji yanabaki katikati na kuacha madoa meupe ndani ya siku chache.

Wiki ya 4. Mbao na mikanda ya kushikia

Hakuna kenchi kwenye paa hili. Kuta za kutenganisha yuniti ziko kila mita 3.5, katikati hadi katikati, na zimepandishwa hadi chini ya bati. Mbao za 2×6 zinalala juu ya kuta hizo moja kwa moja. Vipimo hivi havikuja kwa bahati. Mbao sokoni ni futi 12, yaani mita 3.66. Mita 3.5 jumlisha nusu ya ukuta kila upande, sentimita 7.5 mara mbili, ni mita 3.65. Kila mbao inakaa juu ya unene wote wa ukuta pande zote mbili, na mwenzake wa yuniti ya jirani analala ubavuni mwake. Vyumba vingekuwa vya mita 4, kila mbao ingeungwa hewani.

Kuta hizo kufika kwenye bati kuna faida nyingine ambayo mpangaji ana haki nayo: moto na mwizi havipiti juu ya dari kutoka yuniti moja kwenda nyingine, na sauti hupungua.

Mistari ya papi ni 11. Nafasi za mwanzo na mwisho ni sentimita 75, za kati hazifiki mita moja. Kila mstari vipande 6, jumla 66. Tumenunua 70 na vinne vilivyopinda vimekwenda kwenye dari.

Kila mahali papi inapokutana na ukuta kuna mkanda wa bati wa upana wa milimita 30, unene 1.6, uliozikwa kwenye ukuta kozi tatu chini na kupinda chini ya nondo. Mikanda 77. Mafundi waliona ni mingi. Hesabu ni hii: paa zima, mbao na bati, lina karibu tani 1.8. Upepo ukilinyonya kwa kilo 50 tu kwa kila mita ya mraba, ni karibu tani 10 za kulinyanyua. Msumari wa nchi 4 uliopigwa kwenye ubao juu ya ukuta hauzuii kitu cha namna hiyo. Paa la kenchi lenye vigae lina uzito wa kujitetea, hili halina.

Uzi umevutwa kutoka papi ya juu hadi ya chini kwenye kila ukuta, na tofauti iliyoruhusiwa ni milimita 5. Papi tatu zimechongwa, mbili zimewekewa udongo wa saruji chini.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: mbao hizi zimetiwa dawa yenye shaba, ndiyo maana ni za kijani. Shaba ikigusa aluzinki penye unyevu inaila. Juu ya kila papi tumelaza ukanda wa plastiki nzito ya kuzuia unyevu kabla ya karatasi ya alumini. Karatasi yenyewe imeachwa ilegee kati ya papi na papi kwa sentimita 4 hivi, ili kuwe na hewa kati yake na bati. Ikivutwa ikabanana na bati inapoteza kazi yake ya kurudisha joto.

Wiki ya 5. Kuezeka

Kabla bati halijapanda, ncha ya juu ya kila bonde imekunjwa kwenda juu kwa koleo pana, na ncha ya chini ikakunjwa kidogo kwenda chini. Kukunja juu kunazuia maji yanayosukumwa na upepo kupita chini ya fleshingi ya mbele, kipande cha bati kinachofunika mwanya kati ya bati na parapeti. Kukunja chini kunayafanya maji yadondoke kwenye gata; bila hivyo yanarudi nyuma kwa chini ya bati hadi kwenye mbao ya ukutani. Kazi hii ni dakika mbili kwa bati na ndiyo inayorukwa zaidi ya zote.

Tumeanzia upande unaopa upepo kisogo. Pepo za kusi zinatoka kusini, kwa hiyo bati la kwanza limelazwa kaskazini na mdomo wa kila mlalio unatazama kaskazini. Utepe wa butili umewekwa juu ya mgongo wa chini, upande wa nje wa mahali skrubu itakapopita, maungio 23 ya mita 9.5, jumla mita 218.5, roli 15 za mita 15. Kisha mgongo umeshonwa kwa skrubu fupi kila sentimita 50.

Skrubu za kwenye mbao ni za milimita 65, zinapita juu ya mgongo, si bondeni. Mgongo una milimita 27, na zaidi ya 30 zinaingia kwenye mbao. Mistari miwili ya juu na miwili ya chini imepigwa kila mgongo, skrubu 4 kwa bati. Mistari 7 ya kati skrubu 3. Hiyo ni 37 kwa bati, 888 kwa paa zima. Boksi za jumla ya 1,000 zimetosha na zimebaki za akiba.

Kukaza kuna kipimo chake cha macho. Washa ya mpira ikikaa sawa, mpira unatokeza pembeni mwa kofia ya chuma kwa unene wa uzi wa kushonea, pande zote sawa. Mpira usipoonekana kabisa, skrubu imelegea. Ukionekana umetoka kama ulimi upande mmoja, umekazwa kupita kiasi au skrubu imeingia kwa mshazari, na mpira huo utapasuka kwa jua ndani ya miaka michache. Drili iwekwe kwenye nguvu ndogo. Siku ya kwanza skrubu 40 hivi zilikazwa hadi mgongo ukabonyea; zimetolewa zote na matundu yakapigwa skrubu nene zaidi zenye washa kubwa.

Kosa la wiki: bati la mwisho lilikatwa kwa grinda likiwa juu ya paa. Vumbi la moto la chuma liliruka na kushika kwenye rangi ya mabati manne ya jirani. Baada ya siku tatu za unyevu wa asubuhi yakaonekana madoa mekundu madogo kama pilipili ya unga. Yamefutwa kwa kitambaa na maji ya sabuni, machache yakaguswa kwa rangi ya akiba. Kuanzia hapo ni mkasi wa bati tu, na kukata ni chini. Pia penseli ya kawaida imepigwa marufuku kuchorea bati la aluzinki, maana risasi yake ni kaboni na inaacha mstari wa kutu pale ulipochora. Tunatumia kalamu ya wino mzito.

Wiki ya 6. Fleshingi na vichwa vya parapeti

Paa la kuficha likivuja, mara nyingi bati halina kosa. Maji yanaingia ukutani. Juu ya parapeti plasta inapasuka, maji yanazama kwenye tofali, yanashuka ndani ya ukuta, na yanatokea chini ya fleshingi, ndani ya nyumba. Mwenye nyumba anaita fundi, fundi anapaka silikoni juu ya fleshingi, na mvua inayofuata inavuja pale pale.

Kwa hiyo kazi ni ya tabaka tatu. Fleshingi ya kwanza inalala juu ya bati, ubavuni ikivuka migongo miwili, na kupanda ukutani sentimita 15. Haikufungwa kwenye ukuta; imefungwa kwenye bati tu, ili bati linapotanuka iende nalo. Bati la mita 9.5 likitoka ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa saba, tofauti ya nyuzi 50, linarefuka kwa milimita 5 hadi 6. Fleshingi iliyofungwa kote kuwili hupasua silikoni yake mwaka wa kwanza. Tabaka la pili ni fleshingi ya juu, iliyoingizwa kwenye mfereji wa kina cha sentimita 2.5 uliokatwa ukutani, na kuning'inia juu ya ile ya kwanza kwa sentimita 7. Tabaka la tatu ni kofia ya bati juu ya parapeti yenyewe, ikiinamia ndani ya paa, midomo yake ikitoka sentimita 4 kila upande ili maji yadondoke mbali na plasta.

Urefu wa fleshingi ni karibu mita 40. Vipande vya futi 8, vikilaliana sentimita 15, ni 18 kwa kila tabaka la ukutani. Kila mlalio una mistari miwili ya silikoni ndani, kisha ribiti. Silikoni iwe ile isiyonuka. Inayonuka kama siki inatoa asidi inapokauka na inakula mpako wa bati.

Saruji mbichi nayo ni adui wa aluzinki. Mfereji wa ukutani umejazwa silikoni, si udongo wa saruji, na plasta ya parapeti ilimalizika kabla bati halijapanda. Mahali pawili plasta ilidondokea bati. Imeoshwa kabla haijakauka.

Wiki ya 7. Gata na mabomba

Tumepiga hesabu kwa mvua ya milimita 150 kwa saa. Milimita 1 juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Paa lina mita za mraba 197 za mlalo, kwa hiyo lita 29,550 kwa saa, au lita 8.2 kwa sekunde. Mabomba ni manne ya milimita 110, kila moja linabeba lita 2.05 kwa sekunde.

Watu huangalia unene wa bomba. Kinachobana ni mdomo. Mdomo wa bomba hili, wenye upana wa ndani wa milimita 104, maji yakiwa na kina cha milimita 30 juu yake unameza karibu lita 2.3 kwa sekunde. Kina kikiwa 50 unameza karibu 4.9. Ukiweka chujio la kuzuia majani uwezo unashuka nusu, na kwa lita 2.05 unahitaji kina cha milimita 44. Gata yetu ina kimo cha milimita 150 upande wa ukuta na 125 upande wa nje, kwa hiyo chujio linaruhusiwa na nafasi inabaki. Ule upungufu wa milimita 25 upande wa nje umewekwa makusudi: ikijaa, imwage uani na isirudi kwenye mbao.

Gata ni bati la geji 24 lililokunjwa, kitako bapa, vishikio kila sentimita 60. Mteremko wake ni milimita 5 kwa mita kuelekea mabomba. Maji hayasafiri zaidi ya mita 2.6 kufika mdomoni.

Tulipomwaga ndoo ya kwanza ya maji, mabomba mawili yaliacha dimbwi la milimita 6. Ukingo wa mdomo ulikuwa umekaa juu ya kitako cha gata badala ya chini yake. Yamefunguliwa, mdomo ukaingizwa kwa chini na kuzamishwa. Dimbwi dogo kama hilo ndipo tope linapoanza, mbu wanapozaliana na bati linapooza.

Wiki ya 8. Kupima kwa maji, kibaraza, madishi

Dari haijafungwa, na haitafungwa hadi jaribio lipite. Mpira wa maji umeanzia chini kwenye gata na kupanda, mita moja na nusu kwa hatua, dakika 15 kila hatua, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yanatiririka kote na hujui tone limetoka wapi.

Tone moja limepatikana, yuniti ya 6, kwenye kona parapeti ya mbele inapokutana na ya ubavu. Fleshingi mbili zilikatwa kwa pembe zikaachwa na tundu la kupitisha kalamu. Limezibwa kwa kipande cha bati kilichokunjwa kufuata kona, kikaribitiwa kwenye fleshingi zote mbili. Silikoni tupu kwenye tundu la ukubwa huo haidumu. Jaribio limerudiwa kwa dakika 30, pamekauka.

Slabu ya kibaraza cha mbele, mita 21.15 kwa 1.2, ndiyo pekee yenye utando wa lami. Kwenye kona ya slabu na ukuta tumejaza saruji kwa mshazari wa sentimita 5, maana utando ukikunjwa kwa pembe kali unapasuka. Kipande cha plastiki cha mita moja kiligandishwa kwa utepe usiku kucha. Asubuhi kilikuwa na jasho kwa chini, kwa hiyo tumesubiri siku tano zaidi. Lami ikichomwa juu ya zege lenye unyevu inavimba malengelenge. Utando wa milimita 4, vipande 24 vya mita 1.45 vilivyolazwa kwa kukata upana, vikilaliana sentimita 10 na kupanda ukutani sentimita 15. Roli 4.

Madishi: kila mpangaji huja na lake, na fundi wake hupiga bolti kwenye bati. Vyuma 6 vya dishi vimefungwa ukutani nyuma, kimoja kwa kila yuniti, chini ya gata, pamoja na bomba la waya hadi sebuleni. Sharti la kutotoboa bati limeingizwa kwenye mkataba wa upangaji. Matundu ya hewa, mawili nyuma na mawili mbele kwa kila yuniti, yamewekewa wavu wa chuma dhidi ya popo.

Machi, baada ya mvua ya kwanza kubwa

Mvua imenyesha usiku, karibu saa mbili mfululizo. Asubuhi yuniti zote zimekaguliwa juu ya papi kwa tochi: kavu. Gata ya bomba la tatu ilikuwa na majani ya mwembe juu ya chujio na alama ya maji ilifika milimita 80, chini ya ukingo wa nje. Tawi linaloning'inia juu ya paa limekatwa. Mafundi wa jipsamu wameruhusiwa kuanza yuniti ya 1 Jumatatu. Skrubu zote za mistari miwili ya chini zitakaguliwa tena mwezi wa sita, mbao zikishakauka na kusinyaa, na chini ya bati pale linapotokeza nje ya ukuta pataoshwa chumvi siku hiyo hiyo, kwa kuwa mvua haifiki hapo.